Mshono wa Hawe Kadzo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikachukua kalamu mbili na daftari, nikaenda gatini Malindi kujitambulisha. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa forodha, na mtaani kwetu Shela hapakuwa na mwanamke aliyewahi kuivaa sare ile. Basi nilitembea kama mtu aliyerithi gati kwa babake. Mkuu wa Kituo, mzee mrefu mwenye kofia iliyopauka kwa chumvi, alizitazama kalamu zangu, akavitazama viatu, kisha akanipa chuma.

"Twaa," aliniambia. "Hizo kalamu zitie mfukoni. Wataka kuandika nini, na hujui kitu?"

Chuma chenyewe kinaitwa bambo. Ninyi mnaoingia kazini leo huenda hamjalishika, kwa hiyo nitalieleza. Ni bomba la chuma lenye ncha, refu kiasi cha mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni, na ubavuni lina mfuo. Unalichoma guniani, nafaka inaingia kwenye mfuo, unalitoa na kuona kilichomo bila kulifungua gunia wala kulipasua. Tundu linalobaki unalisugua kwa ncha, nyuzi zinarudi mahali pake. Mimi nililichoma gunia la kunde kwa nguvu zangu zote, likatoka tupu. Nikachoma tena, tupu vilevile. Wachukuzi walikuwa wameacha kazi wananitazama, na mmoja akasema kwa sauti kwamba Bi Forodha analitoga gunia masikio apate kulivika herini. Walicheka mpaka mmoja wao akadondosha mzigo.

"Hukuligeuza," alisema Mkuu wa Kituo, ambaye hakucheka. "Ingia mfuo ukiwa chini, ukifika ndani geuza, ungoje kidogo, ndipo utoe. Una haraka ya kwenda wapi?"

Siku hiyohiyo, nikiwa nimeudhika na miguu inaniuma, nilimuuliza kama kazi yetu si kuwakamata watu wa magendo. Alinijibu akiwa anakagua hati ya shehena, yaani orodha ya kila kilichopakiwa chomboni, na wala hakuinua macho.

"Kazi yetu ni mlango, Zuhura. Mlango ukifungwa siku zote, huo ni ukuta, na ukuta hautaki ofisa, wataka mwashi. Ukiachwa wazi siku zote, hautaki mtu kabisa. Mshahara unaolipwa ni wa kujua wakati wa kufungua na wakati wa kufunga."

Niliyaandika maneno yale daftarini. Yalikuwa maneno ya kwanza niliyoyaandika nikiwa kazini, na nilichukua zaidi ya miaka thelathini kuyaelewa.

Mzee yule alikuwa mtu wa ajabu, na sioni haya kusema kwamba mwaka wa kwanza nilimtazama kwa mshangao. Alilipiga gunia kofi, akasikiliza, akakwambia mahindi haya yamevunwa mabichi. Alinusa kanda la tende akajua limekaa bandari gani. Lakini elimu aliyonipa iliyonifaa kuliko zote ilikuwa elimu ya mshono. Magunia yanashonwa mdomo kwa shazia, ile sindano kubwa iliyopinda kidogo, kwa uzi wa mkonge. Kila mfanyabiashara alikuwa na mshonaji wake, na kila mshonaji alikuwa na mkono wake, kama watu wanavyotofautiana hati za kuandika. Kuna aliyevuta sana, kuna aliyelegeza, kuna aliyefunga fundo ndani na aliyelifunga nje. Mkuu wa Kituo alitembea kati ya magunia akitaja majina ya washonaji kama mwalimu anayeita wanafunzi, na gunia lililofunguliwa njiani likashonwa tena na mtu mwingine alilijua kwa mbali.

Hapo ndipo nilipoujua mshono wa Kadzo. Alikuwa mwanamke wa Kigiriama kutoka Kakuyuni, amenizidi miaka kama kumi na mitano, na alishona kwenye ghala la nafaka la ukoo wa kina Omari, wafanyabiashara wa Mambrui wanaonunua mahindi na kunde za wakulima wa Ganda na Kakuyuni na kuzipeleka visiwani kaskazini, kule karibu na mpaka. Kadzo alikuwa mashoto. Mishono yake iliegemea upande usioegemewa na ya mtu mwingine yeyote, na pembe za gunia alizikusanya zikasimama kama masikio ya mbuzi, mchukuzi akapata pa kushika. Mtoto angeutambua mshono ule. Nami niliutambua, nikajisifu kwamba nimekuwa mwanachuoni wa magunia.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Kilifi, enzi za kivuko, kabla daraja halijajengwa. Huko mizigo ya korosho na mkonge ilipanga foleni ufukoni ikingoja zamu, na mimi nilikuwa chini ya Mkaguzi Mkuu, bwana mmoja mnene mwenye subira ya kutisha. Nilimpelekea siku moja dereva aliyekuwa akitetemeka na kubabaika, nikasema huyu ana jambo. Mkaguzi Mkuu akaongea naye kidogo, akamruhusu apite mbele ya foleni yote. Mke wake alikuwa hospitali upande wa pili, anajifungua.

"Mwenye hatia hutetemeka," aliniambia baadaye, "na mwenye shida hutetemeka. Uoga hauna kitambulisho. Wewe tazama mzigo, na ukimtazama mtu, mtazame kwanza kama mtu."

Nilikaa pia miaka kadhaa kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Junju, mahali pa vumbi na kuku wa kienyeji, pasipokuwa na mengi ya kusimulia isipokuwa kwamba kuku wa Junju hawakubali kuandikwa kwenye hati. Kisha nikarudishwa Malindi, safari hii mimi ndiye Mkuu wa Kituo, na kofia iliyopauka ikawa yangu. Mzee wangu alikuwa ameshastaafu na kufariki. Kadzo alikuwa bado anashona. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi na sasa watu wote walimwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama.

Ndipo ilipokuja miaka ya mashaka. Mnaikumbuka, sina haja ya kuieleza sana. Magari yalishambuliwa njia ya kaskazini, vijiji vikachomwa, hoteli zikabaki na walinzi wanaolinda vitanda vitupu. Mtu mwenye ndevu akipita aliangaliwa mara mbili, na vijana wengine walichukuliwa na magari yasiyo na namba, mama zao wakabaki wanauliza vituoni. Niliogopa pande zote mbili, na nasema hivyo bila kujitetea. Niliwaogopa wenye kuua, na niliogopa tunavyogeuka tukiwa tunawatafuta.

Kwenye gati letu aliletwa Kamanda wa Usalama, mtu wa bara, mkimya, mwenye kutafuna kucha. Amri aliyokuja nayo ilikuwa kila gunia liendalo kaskazini lifunguliwe, limwagwe, likaguliwe, lijazwe tena. Kwa maandishi ni jambo jepesi. Gatini ilikuwa balaa. Chombo kilichokuwa kikipakiwa siku moja kilikaa juma zima, mahindi yaliyomwagwa yaliota ukungu, wakulima wa Ganda wakaambiwa wasilete tena. Mama mmoja alisafiri kutoka visiwani, akafika ofisini kwangu, akaniamkia vizuri, akakaa, akaniuliza kwa adabu unga utapita lini, maana watoto wanakula mapapai mabichi ya kuchemsha. Hakulalamika hata kidogo. Angelalamika ningejua la kumjibu.

Nilimwendea Kamanda na bambo mkononi. Nikamwambia kila gunia litachomwa mara tatu, juu, katikati na chini, na kila mshono utasomwa, na litakalotiwa shaka tu ndilo litakalofunguliwa.

"Mama, mimi nilizika vijana wangu wawili wa kikosi kwa hiyo barabara," alinijibu. "Walikuwa wananipigia simu usiku wakiwa na shida, vile mtu hupigia baba. Saa hii unaniambia mambo ya kushona?"

"Nakwambia mambo ya mlango, Kamanda. Tukiufunga, hao waliowaua vijana wako watapeleka unga kule kabla yetu, na watu watauchukua. Mwenye njaa hasomi jina la aliyempa."

Alitafuna kucha yake kwa muda. "Sawa," akasema. "Lakini moja ikipita, ni shingo yako."

Basi tukafanya hivyo, na kwa miezi mingi mzigo ulipita na mabaya hayakupita. Nilikuwa nikitembea kati ya magunia nikitaja majina ya washonaji kwa sauti, askari vijana wakinitazama kwa mshangao, kama mimi nilivyomtazama mzee wangu zamani. Nilipenda kutazamwa vile. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Asubuhi moja ilifika shehena ya Omari, mjukuu wa ukoo ule wa Mambrui, kijana mwenye miwani, mpole kupindukia. Magunia ya mahindi yalijaa gatini. Nilikuwa nimeshachoma mengi, naongea na Omari habari za mvua, bambo likaingia gunia moja na kugota. Mahindi hayagoti. Mahindi husogea. Nililitoa polepole, nikawaambia wote warudi nyuma. Mtaalamu wa mabomu wa jeshi aliitwa, akalifungua gunia lile peke yake, watu wote tumesimama mbali. Ndani, katikati ya mahindi, mlikuwa na bunda la vifyatuzi vya baruti, vile vinavyotumika kupasulia mawe machimboni. Mtaalamu alisema havina nguvu bila baruti yenyewe. Lakini sote tulijua vinaenda kuungana na nini huko viendako.

Kamanda aliuinua mdomo wa gunia. "Nani ameshona hii?"

Nami, mwanachuoni wa magunia, mbele ya askari na wachukuzi na Omari mwenyewe, nilitazama ile mishono iliyoegemea upande wake na yale masikio ya mbuzi, nikajibu kabla sijafikiri.

"Huu ni mshono wa Kadzo. Hakuna mwingine wa kuushona."

Neno likishatoka halirudi. Omari alitiwa pingu hapohapo. Hakupiga kelele, alisema tu, "Wallahi Bi Zuhura, wanijua mimi, wamjua Hawe," miwani ikamdondoka na hakuweza kuiokota. Kamanda akaamuru gari liende Kakuyuni kumchukua bibi kizee, na wote wawili wapelekwe Mombasa saa kumi alasiri. Nilijua maana ya gari lile. Nilijua watu waliopanda gari kama lile na bado hawajashuka. Na mimi ndiye niliyetaja jina. Nilimwomba Kamanda niende mwenyewe kumleta, akakubali, nadhani kwa sababu aliniona nilivyobadilika sura.

Nilimkuta Hawe Kadzo ghalani kulekule Kakuyuni, amekaa juu ya gunia tupu, amevaa hando yake nyeupe, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, na shuka begani, shazia mkononi.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na bunduki leo?" Alikuwa amewaona askari mlangoni.

Nikamweleza. Nilimwambia yote, kwamba limepatikana gunia lenye kitu kibaya, na lina mshono wake, na ni mimi niliyesema ni wake. Sikutaka alisikie kwa mwingine.

"Umeuona?" aliniuliza.

"Nimeuona."

"Umeugusa?"

"Sijaugusa, Hawe."

"Basi hujauona," alisema, akaichomeka shazia kwenye fundo la shuka yake, akanyoosha mkono nimwinue.

Gatini alipita mbele ya bunduki kama anayepita mbele ya wapwa zake. Alimwamkua Omari, akaiokota ile miwani chini, akaifuta kwa shuka na kumvika. Kisha akaketi mbele ya gunia lile, akafumba macho, akapitisha vidole juu ya mshono kutoka pembe hii hadi pembe ile. Alirudia mara ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, naomba dua ambayo nusu yake nimeisahau kwa hofu.

"Huu si wangu," alisema. "Huyu ananijua mkono, ameniangalia siku nyingi. Ni fundi. Lakini aliyeshona hapa hajazika mtoto."

Kamanda akanigeukia mimi, kana kwamba Hawe alikuwa amesema lugha nyingine. Hawe akalivuta gunia jingine karibu, akamwambia Kamanda, "Lete kidole chako, baba." Na Kamanda, sijui kwa nini, akachutama akampa kidole. Hawe akakipitisha juu ya mshono polepole, akihesabu.

"Mimi sikwenda shule. Najua kuhesabu watoto wangu tu. Nimezaa kumi na mmoja, na mdomo wa gunia unataka mishono kumi na mmoja. Huyu wa kwanza, yuko Ganda, ana wajukuu. Huyu wa pili, yuko hapa Malindi. Wa tatu," akakisimamisha kidole, "wa tatu simwachi aende mara moja. Uzi nauvuta mara mbili, kwa sababu yuko chini. Huhisi hapo? Pana uvimbe. Na wa nne, vilevile. Hawa watatu wazima. Wa nane na wa tisa, mara mbili. Hawa wawili wa mwisho wazima, mmoja ni mkorofi. Basi nikimaliza gunia nimewataja wote, na nafunga."

Mimi nilisogea, nikapiga magoti, nikaweka kidole changu kwenye gunia la karibu. Wa tatu, wa nne, wa nane, wa tisa. Vivimbe vidogo vinne, wazi kabisa, mtu akigusa. Nikagusa gunia jingine, nalo ni hivyohivyo. Miaka yote ile nilikuwa nimewaona watoto wale wanapita mlangoni kwangu, maelfu kwa maelfu, juu ya mabega ya wachukuzi, nami nikijisifu kwamba nasoma. Nilikuwa nimesoma jalada. Sijawahi kujiona mdogo namna ile, na ajabu ni kwamba sikuona uchungu. Nilihisi kama siku ile ya kwanza nilipomwona mzee wangu akilisikiliza gunia, ila mara mia.

Kamanda alikuwa wa kwanza kujizindua, na hiyo ilikuwa haki yake. "Mama, hii inaweza kuwa hadithi tu," alisema, ingawa kwa sauti ndogo. "Inabidi tujaribu."

"Jaribu, baba. Kazi ni kazi."

Wachukuzi wakamgeuzia gunia moja baada ya jingine, naye akapitisha vidole, macho yamefumba, akisema "Wangu" na "Wangu" na "Wangu." Adhuhuri ikapita. Muadhini akaadhini, watu wakaenda kuswali kwa zamu, na kila aliyerudi alimkuta bado anagusa magunia. Jua lilikuwa kali, nikamletea maji na kumshikia mwavuli mimi mwenyewe, na mchukuzi yeyote aliyetaka kuupokea nilimfukuza. Karibu na saa tisa alisimama kwenye gunia moja. "Huyu hapana." Mbele kidogo, jingine. "Na huyu hapana." Akaendelea hadi la mwisho.

Mtaalamu wa jeshi akayafungua mawili yale. Vifyatuzi vilikuwamo. Kisha Kamanda akachagua magunia kumi kwa mkono wake mwenyewe, hapa na pale, katika yale ambayo Hawe alisema ni yake, akayamwaga moja moja. Yalitoka mahindi na wadudu wawili watatu wa kawaida wa mahindi.

Kamanda alivua kofia. Akachutama tena mbele ya Hawe, mtu mzima na bastola kiunoni.

"Kila gunia?" akamuuliza. "Hiyo miaka yote?"

"Kila gunia."

"Mimi niko na wawili," alisema. "Sikuwazaa, lakini niko na wawili."

Hawe akaweka mkono wake juu ya kichwa chake, pale pasipo kofia, akauacha hapo kwa muda. Kisha Kamanda akainuka, akamfungua Omari pingu mwenyewe, akamwomba msamaha mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada. Omari alikuwa akilia bila kujificha. "Hawe," alisema, "mahindi yangu yamesafiri na wanao miaka yote hii, na mimi sikujua."

Mambo mengine yalifuata haraka. Lori lililoleta mzigo lilikuwa limeharibika njiani likakaa gereji siku mbili, na mpakiaji mmoja, ambaye msimu mzima alikuwa akikaa ghalani kumtazama Hawe akishona, alikuwa ameyabadilisha magunia matatu huko. Alikamatwa, akafikishwa mahakamani kwa mchana kweupe, akiwa na wakili, na hilo Kamanda alilisimamia mwenyewe. Saa kumi ile gari la Mombasa liliondoka bila mzee wala kijana wa watu. Na ile shehena ilipakiwa, ikafika visiwani.

Lakini kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye ripoti. Ili kumwokoa Omari, Hawe alikuwa ameifungua siri yake mbele ya gati zima, na kinachojulikana na gati zima kinaweza kuigwa na yeyote. Mzigo uliofuata ulipofika, Hawe alikuja nao, amekaa mbele ya lori karibu na dereva. Sikungoja. Nilifumba macho nikapitisha kidole. Mishono kumi na mmoja, yote sawasawa. Hapakuwa na uvimbe wowote.

"Hawe," nilimwambia, "wako wapi?"

"Wako palepale, mwanangu. Ila sasa nawapitisha mara moja kama wenzao. Nikiendelea kuwavuta mara mbili, mtu atawatumia tena kubebea uovu wake, na mimi sikuwazaa kwa kazi hiyo. Nawataja moyoni. Huko hakuna mwenye shazia."

Mimi ndiye niliyemtaja, na kwa sababu ya ulimi wangu amewanyang'anya wanawe alama waliyokuwa nayo duniani. Nilichukua muhuri nigonge hati, mzigo upite, nikiona haya hata kuligusa gunia lake kwa chuma. Hawe akaushika mkono wangu.

"Bambo liko wapi?"

"Hawe, wewe wa kuchomwa bambo?"

"Choma! Mara tatu, juu, katikati na chini. Usiponichoma mimi, kesho utamwacha na mwingine kwa sababu mlicheka naye. Na watasema bibi kizee wa Kakuyuni amemroga Bi Forodha."

Nikachoma, gunia baada ya gunia, naye amesimama ubavuni pangu akihakikisha nageuza mfuo. Mahindi yakatoka, safi, makavu. Ndipo nikagonga muhuri. Tangu siku ile sikuona tena kwamba kumwamini mtu na kumkagua ni mambo mawili yanayopigana. Hawe alikuwa ameyaunganisha, akiwa amesimama pale na hando yake yenye vumbi.

Nimestaafu sasa. Wanaonifuata wana mashine inayoona ndani ya mzigo kama daktari aonavyo mbavu, nami nawaonea wivu kidogo na nawacheka kidogo. Wananialika niwape nasaha, nawaambia tumieni mashine, na mkimaliza, guseni. Wananitazama kama bibi yao anayeongea peke yake. Si kitu, na mimi niliwahi kuchoma bambo bila kuligeuza.

Juma nililostaafu nilikwenda Kakuyuni. Hawe alikuwa haoni vizuri tena na binti yake mmoja, yule mkorofi, ndiye aliyeshika shazia. Tulikaa barazani tukala mihogo na kuongea ya zamani. Nilipotaka kuondoka nilimuuliza majina yao, wale wanne. Akanitajia, moja moja, na kila jina akalirudia mara mbili. Mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta kalamu, kwa mazoea ya maisha mazima ya kuandika kila kilichopita mlangoni kwangu. Nikaikuta, nikaiacha palepale.